Kuweka Mfumo Endeshi katika Kompyuta yenye Kumbukumbu Ndogo: Uzoefu wa Shule Moja ya Mbekenyera

Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanachuo hufundishwa mapema kwamba zana ya kufundishia huchaguliwa kwa kumtazama mwanafunzi. Picha ikiwa ndogo mno, watoto wa nyuma hawaioni. Ikiwa na mambo mengi mno, hata watoto wa mbele hawajui watazame wapi. Kanuni hii hukubaliwa na kila mtu linapotajwa suala la picha, ramani au vijiti vya kuhesabia. Inapotajwa kompyuta aghalabu husahauliwa, kana kwamba chombo hicho kimekuja na sheria zake chenyewe, na mwalimu hana la kufanya isipokuwa kumwita fundi. Makala hii inakusudia kueleza jinsi tulivyoweka mfumo endeshi katika kompyuta kuukuu za shule moja ya msingi ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, na kwa nini niliwashikilia wenzangu, ambao baadhi yao walinicheka, kwamba kazi ile ilikuwa ya ualimu kabla ya kuwa ya ufundi.

Mbekenyera ni kata ya wakulima. Korosho, ufuta na mbaazi ndiyo mazao yanayoleta fedha, na muhogo na mtama ndiyo yanayojaza sufuria. Ruangwa ilimegwa kutoka wilaya ya Nachingwea mwaka 1995, na bado wapo wazee ambao wakisema "wilayani" humaanisha Nachingwea. Mimi nilikwisha kustaafu niliporudi huko mwaka 2024, na mwalimu mkuu aliniomba nimsaidie kuangalia kompyuta sita zilizokuwa stoo pamoja na majembe na madawati yaliyovunjika. Zililetwa miaka ya nyuma na wafadhili ambao sitawataja. Kamati ya shule ilikuwa karibu kukata shauri ziondolewe katika daftari la mali, kwa maelezo kwamba "ni mbovu." Nilizikagua. Mbili zilikuwa mbovu kweli. Nne zilikuwa nzima kabisa, ila zilikuwa zimebebeshwa mzigo usiowiana na mabega yao.

Hapa yafaa nieleze maneno mawili kwa ajili ya mwanachuo ambaye hajayazoea. Mfumo endeshi ni programu ile ya kwanza inayoamka kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayogawa kazi kwa sehemu zote za mashine na kuzipokea programu nyingine. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, ni mahali pa kazi. Tuifananishe na ubao wa darasani. Vitabu vyote vya shule vimo kabatini, na kabati hilo ndilo diski kuu ya kompyuta. Lakini darasa halisomi kabatini, husoma ubaoni. Kila kinachofanyiwa kazi wakati huu sharti kiandikwe ubaoni kwanza, na kipindi kikiisha, yaani umeme ukizimwa, ubao hufutwa wote.

Sasa ubao ukiwa mdogo na mwalimu akataka kuandika mengi, atafanyaje? Atanakili sehemu moja katika karatasi, ataifuta, ataandika nyingine, kisha ataifuta hiyo na kuirudisha ile ya kwanza. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, katika eneo liitwalo eneo la kubadilishana, na kuirudisha inapohitajiwa. Msaada huo una gharama kubwa. Kumbukumbu hutoa jibu kwa muda upatao sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya zamani inayozunguka huhitaji kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde. Tofauti ni mara laki moja. Kama kusoma ubaoni kungechukua sekunde 1, basi kwenda kabatini na kurudi kungechukua zaidi ya saa 27. Wanafunzi wa darasa la sita walipiga hesabu hii wenyewe kwa kugawanya 100,000 kwa 3,600, na walipoliona jibu walinyamaza kidogo kabla ya kuanza kubishana.

Tano kati ya kompyuta zile zilikuwa na kumbukumbu ya MB 512 kila moja, na zilifika shuleni zikiwa zimewekewa Windows 7. Mfumo huo, uliotolewa mwaka 2009, watengenezaji wake waliutakia kumbukumbu isiyopungua GB 1, yaani mara mbili ya ile iliyokuwapo. Aliyeuweka alifaulu kwa maana ya kwamba ulikubali kuingia. Nadhani aliuona unawaka, akatia alama katika orodha yake, akaenda zake.

Niliwasha mojawapo na kumwita mtoto mmoja wa darasa la tano aandike jina lake. Mashine ilichukua muda wa kuimba wimbo wa taifa mara kadhaa kabla ya kuonyesha kitu. Mtoto alibonyeza herufi ya kwanza; hapakutokea lolote. Aliibonyeza tena, na tena. Kisha herufi zote zikatokea kwa pamoja, nane au tisa, naye akaondoa mkono upesi kama aliyeungua. "Mwalimu, nimeiharibu?" aliuliza. Nilimwambia hapana. Hakusadiki. Alirudi nyuma ya wenzake, na siku ile hakuigusa tena.

Ndugu mwanachuo, naomba ulitazame tukio hili kwa jicho la somo la saikolojia. Mtoto hujifunza kutenda kwa kuona mara moja matokeo ya tendo lake: apigapo ngoma husikia mlio, apandapo mbegu huambiwa asubiri, na husubiri kwa sababu ameambiwa. Kompyuta inayokawia haimwambii asubiri. Inamwachia ajitafutie sababu, na sababu ya kwanza ambayo mtoto wa kijijini huipata mbele ya kitu cha thamani ni kwamba kosa ni lake. Watoto ishirini wakipita katika hali ile, umewafundisha ishirini kuogopa. Ndiyo maana sikuona kwamba suala la mfumo gani uwekwe lilikuwa la kuachiwa mtu asiyekuwamo darasani.

Kabla ya kuchagua hapana budi kupima. Katika sehemu zetu kuna mfano mkubwa wa kutopima. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza waliendesha mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, wakaleta matrekta na mitambo kwa wingi kabla ya kuujua udongo na mvua. Huko Kongwa ardhi ilipokauka iligeuka ngumu mno hata majembe ya chuma yakavunjika. Siwalinganishi wafadhili wetu na mpango ule. Kompyuta sita hazikuwa trekta elfu. Nataja tu kwa sababu wanafunzi waliijua habari ile kwa babu zao, na ilinisaidia kueleza kwa nini siku nzima ya kwanza tulipima na kuandika bila kuweka chochote.

Tulifungua makasha. Umeme ulikwisha kuchomolewa, na kila mtoto aligusa kwanza chuma cha kasha ili umemetuamo wa mwilini usiharibu vipande vya ndani. Vumbi la Mbekenyera lilikuwa limejaa kila mahali, jekundu, na tulilipangusa kwa brashi za rangi. Vibao vya kumbukumbu vilichomolewa, na meno yake ya shaba yakasuguliwa taratibu kwa ufutio wa penseli mpaka yakang'aa. Hili ni jambo la mafundi wa mitaani, halimo katika vitabu vingi, na ni zuri sana kwa shule kwa kuwa ufutio upo katika kila mkoba. Kompyuta moja iliyodhaniwa kuwa imekufa, ambayo ikiwashwa ilikuwa ikilia tu mlio wa kurudiarudia, ilipona kwa ufutio huo. Mlio ule ndio lugha ya mashine ya kusema kwamba haioni kumbukumbu yake.

Katika zile mbili mbovu tulipata vibao vinne vya MB 256. Kimoja hakikufanya kazi. Vitatu tulivihamishia katika kompyuta nzima: moja ikafika GB 1, nyingine MB 768, ya tatu ikabaki na MB 512 zake. Ya nne ilikuwa kuukuu kuliko zote, yenye Windows XP, na vibao vyake ni vya aina ya kale zaidi: vina mapengo mawili kwenye meno, ilhali vile vingine vina pengo moja. Mtoto mmoja alijaribu kukilazimisha kibao cha pengo moja kuingia humo. Mwenzake akamshika mkono na kumwonyesha mapengo. Sikuwa nimesema neno. Basi kompyuta ile ilibaki na MB 384, na hata hizo hazikuwa zake zote, kwani sehemu inayochora picha za skrini haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe na ilijikatia fungu humo humo.

Baada ya kupima ndipo ulipoanza ubishi. Kijana mmoja fundi kutoka Ruangwa mjini, mwenye nia njema na mikono myepesi, alishauri tuweke Windows XP katika zote. "Mzee," aliniambia, "hii XP itakimbia kama swala." Alikuwa sahihi kwa upande wa mbio. Mfumo huo wa mwaka 2001 uliridhika na MB 128. Lakini Microsoft waliacha kuutengenezea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na flashi za walimu wetu, nasema kwa heshima, hubeba virusi kama inzi wabebavyo kipindupindu. Tena nakala aliyokuwa nayo haikuwa na leseni. Sikuona namna ya kusimama mbele ya watoto kuwafundisha uaminifu huku nikitumia kitu cha namna hiyo. Windows 10 ilihitaji walau GB 1, na msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji GB 4 na vifaa ambavyo mashine zetu hazikuwa navyo kabisa.

Tulichagua Debian, ambayo ni mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Finland. Hutolewa bure, na sheria inaruhusu kuinakili na kumpa jirani. Tulitumia toleo la 12, la mwaka 2023. Mwanachuo atakayejaribu leo na azingatie jambo hili: toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha mashine za biti 32 kama hizi zetu. Mlango unafungwa polepole, na shule zenye kompyuta za namna hii hazina miaka mingi ya kusitasita.

Nilipakua mfumo Ruangwa mjini, nikauweka katika flashi na pia katika sahani ya DVD. Hilo la sahani lilitufaa, maana kompyuta mbili hazikukubali kuanzia kwenye flashi. Katika ile yenye MB 384 kisakinishi kilitambua chenyewe kwamba kumbukumbu ni haba, kikaingia katika hali ya kubana matumizi. Na hapa liliibuka jambo lililonigusa kuliko yote. Cha kwanza kukitupa, ili kupata nafasi, kilikuwa lugha. Katika hali ile tafsiri zote huachwa, na maelezo huja kwa Kiingereza tu.

Simlaumu aliyeitengeneza, ukiwa na ubao mdogo sharti ufute kitu, na mantiki yake naielewa. Lakini watoto wa darasa la sita wa Mbekenyera, wanaofundishwa kwa Kiswahili, walikuwa wamekaa mbele ya skrini ya maneno wasiyoyajua, na nafasi zao ndizo zilizokuwa zimefutwa. Tukasimama. Tulichukua karatasi ya manila, tukaandika upande wa kushoto kila neno la skrini na upande wa kulia maana yake: endelea, rudi nyuma, gawa diski, neno la siri, jina la mashine. Neno lililotushinda lilikuwa lile la kugawa diski katika maeneo. Mtoto mmoja alipendekeza "kukata viwanja," kama wafanyavyo wapima ardhi, na likakubaliwa kwa kishindo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wataalamu walifanya kazi ya namna hii kwa kiwango kikubwa walipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwezi Desemba 2004. Sisi tulifanya yetu kwa kalamu ya wino mzito, kwa saa moja na nusu, huku mashine ikisubiri. Nasema bila kusita kwamba hicho kilikuwa kipindi bora kuliko vyote vya juma lile.

Katika kukata viwanja tulitenga GB 1 kuwa eneo la kubadilishana. Kisha kisakinishi kilileta orodha ya mandhari za skrini, na chenyewe kilikwisha kutia alama kwenye ile nzito. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kubonyeza tu kuendelea. Tuliiondoa alama ile, tukachagua LXDE, ambayo ina madirisha na vipicha vya kutosha bila mapambo. Katika kompyuta ya MB 384 hatukuweka mandhari yoyote. Inawaka ikiwa na skrini nyeusi na maandishi meupe, na inafanya kazi moja tu, kuandika.

Mwalimu mmoja aliona kwamba kompyuta isiyo na picha ni aibu kwa shule. Nilimkumbusha kwamba mashine iliyowaongoza Wamarekani kutua mwezini Julai 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ipatayo KB 4 tu, na ilipoelemewa dakika za mwisho iliziacha kazi ndogo ikashika zile za kutua. Hakushawishika sana. Alichoshawishika nacho ni kuwaona watoto wakiipigania ile nyeusi, kwa sababu herufi hutokea papo hapo kidole kinapogusa.

Katika zile tatu nyingine tuliweka AbiWord ya kuandikia, Gnumeric ya majedwali, Tux Paint ya kuchorea na Tux Typing ya mazoezi ya vidole. Hatukuweka kivinjari cha intaneti. Kurasa za siku hizi ni nzito kuliko mashine zenyewe, na kumfungulia mtoto ukurasa mmoja kungeturudisha katika kukawia kule kule tulikokukimbia. Huo ni upungufu, na sitaki kuuficha: mtoto aliyejifunzia pale hajui kutafuta habari katika mtandao, na hana budi kulijifunza hilo mahali pengine. Huko Karatu, mkoani Arusha, kumekuwapo shule zilizotumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi pamoja na umeme wa jua na maktaba iliyohifadhiwa ndani, isiyohitaji intaneti. Mfumo wake umetokana na Debian hiyo hiyo. Kama shule yako inapewa nafasi ya kuomba badala ya kupokea tu, hiyo ni njia ya kuitafakari.

Nilipokuwa mwanachuo katika miaka ya 1980, hapakuwa na mkufunzi wala mwanachuo mwenzangu aliyekuwa ameiona kompyuta kwa macho. Serikali ilikuwa imeifunga kompyuta ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza nchini baada ya fedha nyingi kutumika bila faida iliyotarajiwa. Watu hulicheka agizo lile leo. Mimi silicheki sana. Waliolitoa walikuwa wameuliza angalau swali moja ambalo wafadhili wetu hawakuliuliza: mashine hii itafanya kazi gani, na kwa uwezo gani? Ubaya wao ulikuwa katika jibu.

Kwa upande wa andalio la somo, kompyuta nne kwa darasa la watoto hamsini na watatu hulazimisha mpangilio. Tuliwagawa katika makundi manne, kundi moja kwenye mashine kwa dakika kumi, wengine wakiandika rasimu katika madaftari. Shabaha ya kila somo iliandikwa kwa tendo moja tu: kufungua hati, kuihifadhi, kuipata tena. Mwalimu atakayetaka kutia matendo matatu katika kipindi kimoja na ahesabu dakika kwanza. Umeme ukikatika, na hukatika, kipindi huendelea kwa swali: kazi ya nani imefutika na ya nani imesalia, na kwa nini? Watoto ambao hawakuhifadhi huielewa tofauti ya ubao na kabati kuliko maelezo yangu yote.

Yule mtoto wa darasa la tano hakurudi upesi. Ilimchukua wiki mbili, naye alianza na ile mashine nyeusi, jioni, wakati wenzake wakicheza mpira. Aliandika jina lake, akalifuta, akaandika jina la mama yake.

Kwa wanachuo watakaopangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Ruangwa: kompyuta ile ya MB 512 bado ina nafasi mbili tupu za vibao vya kumbukumbu, vile vya pengo moja, MB 256 kila kimoja. Stoo nyingi za shule na ofisi zina mashine zilizokufa zenye vibao hivyo. Omba kwa barua kwa mwenye mali, chomoa, funga katika karatasi kavu, na uje na ufutio.